Almasi na Kalamu ya Risasi

Kalamu ya risasi haina risasi ndani yake. Jina hilo latokana na kosa la watu wa Ulaya wa zamani. Kile cheusi ni kaboni, jamaa ya makaa. Na almasi, kama zile za Mwadui, je?

Mwaka wa 1772 Lavoisier, Mfaransa, alianza kuziunguza almasi kwa kioo kikubwa kikusanyacho miali ya jua, nazo zikatoweka. Hata mwaka wa 1797 Mwingereza Smithson Tennant akaipima hewa itokayo katika almasi iunguapo, akaona ni sawasawa na ile ya makaa ya uzito huo huo. Kumbe ni kitu kimoja!

Basi mbona almasi hukata kioo, na kalamu huchakaa karatasini? Jibu lilikawia. Mwaka wa 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence walipitisha eksirei katika almasi, wakatambua kwamba kila atomu imeshikamana na nne jirani, pande zote, mfano wa boriti zilizofungwa imara. Katika kalamu kila atomu hushika tatu tu, zikafanya tabaka kama mikeka iliyopangwa. Mkeka wenyewe ni mgumu kuchanika, lakini mmoja huteleza juu ya mwenziwe. Nasi tuandikapo, ndiyo mikeka hiyo tunayoiacha karatasini.