Mafuta ya Turkana Yaliandikwa kwa Kitabu cha Nani?

Wasee, tangu 2012 tumekuwa tukiambiwa Kenya iko na mafuta. Leo nataka tuiangalie hiyo stori kutoka upande ambao watu huruka: mizania. Ile karatasi ambapo kampuni inaandika inamiliki nini na inadaiwa na nani. Najua inasikika kama somo la hesabu saa nane mchana, lakini vumilia kidogo. Hiyo karatasi inaeleza mengi kuhusu mbona Turkana haikugeuka Dubai.

Tuanze na kitu kila mtu wa Donholm anajua: matatu. Ukinunua mat, hiyo ni mali ya muda mrefu. Haiishi leo jioni kama dizeli, itakufanyia kazi miaka kadhaa. Lakini kila mwaka injini inachoka na bodi inagongwa pale Outering, kwa hivyo mhasibu anapunguza thamani yake kidogo kidogo. Hiyo inaitwa uchakavu. Ardhi haikatwi hivyo. Donholm yenyewe ilikuwa shamba la mlowezi enzi za ukoloni kabla iwe mtaa. Nyumba za kwanza zimezeeka, lakini muulize broka bei ya ploti leo, utashika kichwa.

Sasa twende Lokichar. Tullow Oil ya Uingereza iliingia Kenya 2010, ikishirikiana na Africa Oil ya Canada. Tarehe 26 Machi 2012, Rais Kibaki akatangaza kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima kinaitwa Ngamia-1. Nchi nzima ikawaka. Lakini Tullow haikuchimba hicho kisima na mtambo wake. Mtambo ulikuwa wa Weatherford, kampuni ya huduma za mafuta. Hawa ndio wenye mat kwa hii stori: hawamiliki mafuta, wanamiliki vyuma, na wanalipwa kwa kazi.

Kwa kampuni kama hiyo, mali ya muda mrefu ni mitambo, malori, vifaa vya kupima visima, na kitu kingine cha ajabu. Ukinunua kampuni ya mwenzako kwa bei kubwa kuliko vitu inavyomiliki, ile tofauti unaiandika pia kama mali. Ni kama kununua kibanda cha chipo kwa bei ya juu kwa sababu kina jina na wateja. Hiyo tofauti haishikiki na mkono. Ni imani tu kwamba wateja watarudi.

Halafu wateja wakapotea. Katikati ya 2014 pipa moja lilikuwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Kampuni za mafuta zikaacha kuchimba, mitambo ikapaki. Na mtambo uliopaki ni kama mat iliyopaki: mkopo hauangalii kama umepata abiria. Weatherford ilikuwa na madeni ya mabilioni. 2018 ikakubali kuuza mitambo yake ya nchi kavu Mashariki ya Kati na Algeria kwa dola milioni 287.5, na mwaka huo huo ikafuta karibu dola bilioni 2 za ile imani kwenye vitabu vyake. Julai 2019 ikaenda kortini Marekani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Hata Schlumberger, jitu la hiyo biashara, ilikata dola bilioni 12.7 kwa robo moja tu ya 2019.

Na Tullow je? Hapa ndipo inanibamba. Kwenye mizania yake, Turkana ilikaa miaka yote kwenye safu ya mali zisizoshikika. Yaani mafuta yenyewe hayakuandikwa. Yaliyoandikwa ni leseni na pesa zilizotumika kutafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka tena 2020, Tullow ilikata zaidi ya dola bilioni 1 kwa miradi yake, Kenya ikiwa ndani, na nusu ya kwanza ya mwaka huo ikafunga na hasara ya dola bilioni 1.3. Mafuta yaliyobaki chini hayakuwa yameenda popote. Ilikuwa ni matumaini yamebadilishwa bei.

Sisi huku tulipata nini? Kuanzia Juni 2018 malori yalibeba mafuta kutoka Turkana hadi Changamwe, kwenye matangi ya kiwanda ambacho kiliacha kusafisha mafuta 2013. Agosti 2019 Rais Uhuru akaaga meli ya kwanza Mombasa, zaidi ya mapipa 200,000, mauzo yaliyotangazwa kuwa ya dola milioni 12. Baadaye, 2023, Africa Oil na Total wakajitoa. 2025 Tullow ikauza biashara yake ya Kenya kwa kampuni ya kundi la Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120, zikilipwa kwa awamu.

Sasa skiza vizuri. Katiba yetu inasema mafuta ya chini ya ardhi ni ya umma. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema kwenye mgao wa serikali, kaunti inapata asilimia 20 na jamii ya pale asilimia 5. Lakini kabla ya mgao wa faida, mwekezaji anarudishiwa gharama zake kutoka kwa mafuta hayo hayo. Kwa hivyo kampuni inaweza kukata thamani kwenye vitabu vyake huko London, na gharama zilezile bado zikawa zinadaiwa kutoka kwa pipa letu. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na ya pili ndiyo inatuhusu.

Maoni yangu ni haya: tuache kuuliza tu "mafuta yatatoka lini?" Swali la maana ni gharama gani zimekubaliwa, nani alizikagua, na mbona mama wa Lokichar hawezi kuzisoma kwa lugha anayoielewa. 2013 watu wa Turkana waliandamana kudai kazi hadi Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Kelele zilisikika. Kizazi chetu kiko na simu na bando. Tudai hizo hesabu zitoke, kisha tuzisome sisi wenyewe.

Wewe unaonaje? Niambie hapo chini.