Kipimo na Zoezi: Urithi wa Alfred Binet

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza elimu ya watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Alfred Binet, mmoja wa wajumbe wake, alitunga pamoja na Théodore Simon kipimo cha akili kilichotolewa mwaka 1905. Shabaha ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada, si kumhukumu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1909, Binet aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Alieleza mazoezi ya madarasa maalumu: kabla ya hesabu na sarufi, watoto walicheza mchezo wa kusimama kimya kama sanamu, wapate kuzoea kutulia na kusikiliza. Mazoezi yalianzia jepesi yakaelekea gumu. Kwanza mtoto ajifunze namna ya kujifunza, masomo yafuate.

Binet alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kilienea upesi, hasa Marekani, ambako Henry Goddard alikitumia kana kwamba kinapima akili ya kurithi isiyobadilika. Hivyo kipimo kilivuka bahari, mazoezi yakabaki nyuma. Nasi walimu, tukimpima mwanafunzi bila kumwandalia zoezi, tumerithi nusu tu ya kazi ya Binet, tena nusu iliyo nyepesi.