Kabla ya Kupanda Kizimbani

Ukiisoma hukumu ya Jean-Paul Akayesu utagundua kwamba mashahidi wengi hawana majina. Kuna J, kuna H, kuna JJ, NN na OO. Herufi hizo zilikuwa ngao yao. Nimeisoma mara mbili kwa ajili ya tasnifu yangu, na mara zote mbili nimebaki na swali ambalo si kazi ya hukumu kulijibu: nani aliwawezesha wanawake hawa kufika Arusha?

Akayesu alikuwa burugumesta, yaani meya, wa Taba nchini Rwanda. Kesi yake ilianza Januari 1997 katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa na vyumba vyake kwenye jengo la AICC. Hati ya mashtaka haikuwa na shtaka lolote la ubakaji. Kisha Shahidi J akaeleza kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu. Shahidi H naye akasimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Navanethem Pillay alikuwa mwanamke pekee katika jopo la majaji watatu. Juni 1997 hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Masimulizi ya wanasheria huanzia na kuishia hapo. Mimi narudi nyuma, Desemba 1994. Godelieve Mukasarasi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alianzisha SEVOTA, shirika la wajane na yatima. Hakuwa akitayarisha kesi. Mahakama yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imeundwa mwezi uliotangulia. Wanawake walikaa pamoja, na polepole wakaanza kuambiana yale ambayo hawakuweza kumwambia mtu mwingine. Walipotafutwa mashahidi, palikuwa tayari na watu waliozoea kusikilizwa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Desemba 1996, baada ya familia yake kukubali kutoa ushahidi, mume wake na binti yake waliuawa. Mukasarasi hakuacha. Aliendelea kuwa upande wa wanawake wa Taba, na baadhi yao wakapanda kizimbani.

Kumsindikiza shahidi ni kazi ya mambo madogo, na pengine ndiyo maana haiandikwi. Nani atabaki na watoto? Majirani wataambiwa nini mama wa nyumba fulani akitoweka siku kadhaa? Atakaa vipi chumba kimoja na mtu aliyekuwa akimwogopa? Na akishasema, je, kitafsiriwe nini? Hukumu inajadili maneno manne ya Kinyarwanda ambayo wakalimani waliyafasiri kuwa kubaka, mojawapo likiwa gufata ku ngufu. Msomaji wa Kiswahili haitaji mkalimani kuitambua hiyo ngufu. Lakini neno hilo lilipita kwenye Kifaransa na Kiingereza kabla halijawafikia majaji wote, huku mwanamke akisubiri.

Msindikizaji ana mipaka yake, hata hivyo. Mwishoni mwa Oktoba 2001, katika kesi ya Butare, Shahidi TA alikuwa akihojiwa na wakili wa utetezi kuhusu kubakwa kwake, swali juu ya swali, ndipo majaji wakacheka. Baadaye ilielezwa kwamba walimcheka wakili na maswali yake, si shahidi. Naweza kuamini hivyo. Sijui kama ningeamini ningekuwa ndiye niliyekaa kwenye kile kiti.

Januari 2002, Ibuka na chama cha wajane cha AVEGA vilisitisha ushirikiano na mahakama. Hawa ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwatia moyo wajane kwamba wakienda Arusha watasikilizwa. Sasa walikuwa na maelezo ya kutoa kwenye nyumba zile zile.