Mpigaji Hayupo, Mtunzi Yupo

Wengi wetu hudhani kwamba ala zilizorekodiwa, ambazo kwaya za shule huzifuata katika kuimba, ni mali isiyo na mwenyewe. Historia yatufunza vingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zilienea nchini Marekani piano zilizojipiga zenyewe kwa mizingo ya karatasi yenye matundu. Watunzi hawakulipwa kitu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mzingo si nakala ya wimbo, kwani haukusudiwi kusomwa kwa macho. Ni kipande cha mashine tu. Lakini mwaka 1909 ilitungwa sheria mpya: mtunzi akisharuhusu wimbo wake utiwe katika mashine, mwingine yeyote aliweza kuutia pia, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho kilidumu hadi mwaka 1978.

Hapo twajifunza kwamba mashine humwondoa mpigaji, haimwondoi mtunzi. Basi kabla ya kuwasimamisha wanafunzi wetu jukwaani, tuulize: ala hizi ni za nani, na je, ruhusa tunayo? Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Na mtunzi naye atunzwe.