Milki ya Kitabu: Tangu Waandishi wa Siyu hadi Chombo cha Kusomea

Mtu wa leo anayejiuliza kama anunue chombo cha kielektroniki cha kusomea, au aendelee kununua vitabu vya karatasi, aghalabu hupima bei, uzito na nguvu za betri, na vipimo hivyo vina haki yake. Walakini watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kupita katika mageuzi ya namna hii zama za babu zao, kitabu kilipotoka katika kalamu ya mwandishi kikaingia katika matbaa, na tarikhi ya mageuzi hayo inatukumbusha swali ambalo mnunuzi wa sasa ni mwepesi wa kulisahau, yaani kitabu kikiisha kulipiwa ni milki ya nani, na mwenyewe ana ruhusa ya kukifanyia nini.

Tuanze Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mji huo, ambao leo ni mdogo, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa kazi za mikono, za ngozi na za mbao, na miongoni mwa kazi hizo hapana iliyokuwa na taadhima kuliko kunakili misahafu. Karatasi zilitoka ng'ambo, nyingi zikiwa za Italia, ambazo ukiuinua ukurasa wake mbele ya nuru huona ndani yake alama ya hilali tatu zilizofuatana. Wino mweusi ulitumika kwa maandishi, nyekundu na manjano kwa mapambo, na kazi ikiisha kurasa zilishonwa na kuvikwa jalada la ngozi. Kitabu kilichopatikana kwa taabu kama hiyo hakikuwa cha kila mtu, na hakuna haja ya kuzisifu zama hizo kupita kiasi: wengi walisoma kwa kusikia, na wengi zaidi hawakusoma kabisa.

Lakini ughali huo ulifuatana na uhuru mkubwa. Aliyekuwa na kitabu aliweza kumwazima jirani, kumruhusu mwanafunzi akinakili kwa mkono wake, kukiuza, kukirithisha, na zaidi ya yote kukiweka wakfu, yaani kukitoa katika milki yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisiuzwe wala kisirithiwe, kisomwe na wenye kukihitaji hata baada ya yeye kufariki. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliotokana na darasa za Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, una hazina ya vitabu vya mkono ambamo mna maandishi ya wakfu yaliyotiwa na wenye kuvitoa, na mistari hiyo michache, ambayo msomaji mwenye haraka huipita, naiona mimi kuwa ni miongoni mwa maandishi yenye murua mkubwa kabisa ya pwani, kwa kuwa inamwonyesha mtu akimfikiria msomaji asiyemjua, ambaye huenda wakati huo hajazaliwa. Vivyo hivyo utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, haukumngoja mchapishaji ili uenee: ulinakiliwa ukanakiliwa tena, ukahifadhiwa kwa moyo, ukaingia katika nyumba za Lamu na za miji mingine, na nusu karne na zaidi ikapita kabla haujapigwa chapa.

Matbaa haikuingia pwani kwa ghafula. Gutenberg alikuwa amechapa Biblia yake huko Mainz katikati ya karne ya 15, lakini katika dola ya Kituruki ilikuwa mwaka 1727 ndipo Ibrahim Müteferrika alipopewa idhini ya kuchapa kwa herufi za Kiarabu, nayo kwa sharti kwamba asiguse vitabu vya dini. Matbaa ya Bulaq, jijini Cairo, ilianzishwa mwaka 1820 katika utawala wa Muhammad Ali, na kutoka huko, na kutoka Bombay, vitabu vya chapa vilisafiri baharini hata vikafika Unguja, Mombasa na Lamu. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, na ambaye alisafiri hadi Uingereza, Ufaransa na Misri, alianzisha matbaa yake mwenyewe Unguja, na kufikia mwaka 1880 ilikuwa ikitoa vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Ibadhi, kimojawapo kikiwa Kamusi ya Sharia ya Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, kitabu cha juzuu 90 ambazo matbaa hiyo haikumaliza kuzichapa. Katika mji huo huo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na mitambo yao ya chapa, na askofu wao Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alitoa huko London mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, aliitumia katika kueneza tafsiri zake kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo Unguja ya wakati ule ilikuwa na matbaa mbili, za dini mbili na herufi mbili, na watu wake hawakuwa wageni wa kitabu cha chapa kama baadhi ya waandishi wanavyodhani.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Vitabu vingi vya Bombay vilikuwa vya chapa ya mawe, ambayo mwandishi huandika kwanza kwa mkono wake, kisha khati yake ikahamishiwa juu ya jiwe lililotayarishwa, na nakala nyingi zikapigwa kutoka hapo, hata msomaji akifungua kitabu hukutana na mkono wa binadamu, pamoja na mipindo yake na maelezo ya pambizoni, kama alivyozoea. Ufundi mpya uliingia umevaa kanzu ya ule wa kale, na pengine ndiyo sababu wanazuoni waliupokea bila ya ugomvi mkubwa. Wala kalamu haikustaafu siku ile matbaa ilipofika: Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi hodari aliyefariki mwaka 1945, aliendelea kunakili tenzi kwa khati yake nzuri mpaka karne ya 20, na baadhi ya nakala hizo ndizo zilizowafikia wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens.

Hasara kubwa ya vitabu vya pwani, basi, haikuletwa na matbaa. Unyevu na mchwa viliteketeza vingi, na vingine vilichukuliwa ng'ambo. Lakini hata vile vilivyosalimika viliondolewa wasomaji wake na mageuzi ya herufi. Shule za serikali ya Kijerumani, na baadaye za Waingereza, zilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja ya vitabu vya shule. Manufaa ya kazi hiyo hayakanushiki, maana bila yake mtoto wa Tabora na mtoto wa Malindi wasingesoma kitabu kimoja. Hata hivyo, katika muda wa vizazi viwili, mjukuu alikuta sanduku la babu yake limejaa barua na tenzi za Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, asiweze kusoma hata mstari mmoja. Karatasi ilikuwa nzima, wino haujafifia, na kitabu kilikuwa kimekwisha kufa mikononi mwake. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililo karibu kabisa na hatari ya siku zetu.

Enzi ya kitabu cha chapa iliyofuata inajulikana, nami nitaipita upesi. Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, iliundwa mwaka 1948. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, ambako mtu asiye na fedha aliweza kuketi na kusoma.

Kitabu cha kielektroniki nacho kina umri mkubwa kuliko wengi wadhaniavyo. Mwaka 1971 Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, aliingiza Azimio la Uhuru la nchi hiyo katika kompyuta ili watu walisome bila malipo, akawa ameanzisha Project Gutenberg. Walakini kusoma kitabu kizima juu ya kioo chenye kung'aa kulichosha macho, na haja ya kioo kisichochosha haikutimizwa mpaka ulipobuniwa wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo cha namna hiyo mna vidonge visivyoonekana kwa macho, na katika kila kidonge chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu na za pili hushuka, na zikiisha kukaa mahali pake hubaki hapo bila kula umeme mpaka ukurasa ugeuzwe, ndiyo maana betri hudumu majuma kadhaa na mtu aweza kusoma barazani mchana wa jua kali. Sony ilitoa chombo chake cha kwanza cha aina hiyo Japani mwaka 2004, na mnamo Novemba 2007 Amazon ikatoa Kindle kwa dola 399. Kwa mara nyingine ufundi mpya ulitafuta kufanana na ule ambao macho yameuzoea.

Lakini milki ilibadilika. Mnamo Julai 2009 baadhi ya wenye Kindle waligundua kwamba nakala zao za Nineteen Eighty-Four na Animal Farm, vitabu vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, zimefutwa kutoka mbali, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, ila uwezo wa kufuta ulikuwa umedhihirika. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikakoma kusomeka, wanunuzi wakarudishiwa fedha; na mnamo Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu cha Kindle katika kompyuta na kukihamisha kwa waya. Mwenye nakala ya karatasi ya Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, hana wa kumwingilia kabatini mwake. Aweza kumpa mwanawe kesho, na mwanawe akaiuza keshokutwa. Mnunuzi wa kitabu cha kielektroniki, aghalabu, amepata leseni ya kusoma, na leseni haiwekwi wakfu wala haigawiwi katika mirathi.

Baada ya hayo yote sisemi kwamba chombo hiki kiachwe. Mzee ambaye macho yake yamepungua nuru hukuza herufi kadiri apendavyo; mwanafunzi aliye ugenini hubeba maktaba nzima mkobani; na vitabu vya kale ambavyo haki zake zimekwisha muda, vikiwemo vile vya Steere, hupatikana bure katika intaneti na kubaki kuwa mali ya aliyevipakua. Hata vitabu vya Riyadha vimepigwa picha, kwa mpango wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na sasa mtu wa Muscat au wa Toronto aweza kuvitazama bila kugusa karatasi iliyochoka, ilhali vyenyewe vimebaki Lamu. Huo ndio mfano ninaoutaka: nakala ya umeme ikimtumikia msomaji, na asili ikibaki kwa wenyewe.

Kwa hiyo anayeuliza nitamjibu hivi. Kama asoma vitabu vingi vya Kiingereza au Kiarabu vya kupitia mara moja, au vya kale visivyo na malipo, na anunue chombo, nacho kitamfaa. Lakini vitabu anavyotaka watoto wake wavikute, na hasa vya Kiswahili, ambavyo sehemu kubwa ya vile vya karne iliyopita ingali katika karatasi tu, na avinunue vya karatasi kutoka kwa wachapishaji wetu wanaojitahidi kuvitoa tena. Na kila atakapolipia kitabu cha umeme, amwulize kwanza muuzaji kama ataweza kukiazima, kukihamishia chombo kingine na kukirithisha. Akijibiwa kwamba hataweza, asikubali kutozwa bei ya kununua kwa kitu alichokodishwa.