Nani Aligharimia Uchunguzi wa Kiswahili? Fedha na Maswali ya Wataalamu tangu 1930

Utangulizi

Katika idara zetu za lugha, habari zinazosomwa kwa hamu kuliko zote ni zile zinazobandikwa ubaoni kuhusu fedha za uchunguzi: nani ametangaza fungu, siku ya mwisho ya kupeleka maombi ni ipi, na nani katika kitivo amebahatika safari hii. Historia ya fedha hizo haijapata kusomwa kwa hamu kama hiyo. Tunayo maandishi mengi juu ya asili ya Kiswahili, juu ya usanifishaji wake na juu ya washairi wake. Ni machache mno yanayouliza uchunguzi wenyewe uligharimiwa na nani, na huyo aliyeugharimia alitaka kujua nini.

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo tangu mwaka 1930 hadi wakati wetu, kwa kuitazama hasa Kenya. Hoja yangu ni kwamba kila fungu la fedha lilikuja na swali lake, na kwamba maswali yaliyokosa mlipaji yamebaki, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa watu wachache waliojitolea.

Kamati na vitabu vya shule

Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Makao yake yalikuwa Dar es Salaam na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Gharama zake zilichangwa na serikali nne za kikoloni, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa umekwisha wekwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa lugha sanifu.

Serikali hizo zilikuwa na haja iliyo wazi. Zilitaka lugha moja ya kufundishia katika shule za chini na ya kuandikia katika ofisi za wilaya, na zilitaka kitabu kilichopigwa chapa kwa ajili ya nchi moja kiweze kutumika katika nchi nyingine. Kwa hiyo Kamati ilikuwa na swali moja kubwa: maneno yaandikwe vipi, na ni vitabu gani vipewe idhini ya kutumiwa shuleni? Katika kulijibu ilifanya kazi ya kustahiki sifa. Kamusi mbili za mwaka 1939, zilizotoka miaka miwili baada ya Johnson kufariki, zingali zikitajwa na kila mtunga kamusi.

Lakini fungu hilo halikuwa na nafasi ya kila swali. Wenyeji wa lugha hawakuwa na kiti katika Kamati katika miaka yake ya mwanzo, na lahaja za kaskazini, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, hazikuwa na umuhimu kwa mtu anayetafuta tahajia ya vitabu vya shule.

Mfano mzuri ni tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo hizo zilihifadhiwa kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor katika kuzikusanya na kuzifafanua mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940 huko Johannesburg. Hata ulipofika wakati wa kuzichunguza upya, ikawa ni mwaka 1979, Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka. Hati za Taylor zimo katika maktaba ya SOAS, London. Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kuzisoma kwa mkono wake hana budi kupata nauli kwanza, na hiyo nauli, mara nyingi, ni fedha za mtu mwingine. Nami nasema hayo nikiwa mmoja wa wale waliosomea shahada ya pili ng'ambo kwa fungu la mgeni.

Makerere na uchunguzi wa lahaja

Mwaka 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, ambayo iliruhusu kutumia hadi pauni 500,000 kwa mwaka kwa ajili ya uchunguzi. Kwa mara ya kwanza uchunguzi katika makoloni ulikuwa na fungu lake, mbali na fedha za shule na za utawala. Katika mazingira hayo Makerere ilipata taasisi ya uchunguzi wa jamii za Afrika Mashariki, na mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili nayo ikahamia huko kutoka Nairobi.

Kukaa chuoni kulibadilisha maswali. Katika miaka ya Makerere zilitoka juzuu ndogo juu ya lahaja: ya W. H. Whiteley juu ya Kimtang'ata mwaka 1956, na za H. E. Lambert juu ya Kivumba mwaka 1957, na juu ya Chichifundi, Chijomvu na Kingare mwaka 1958. Lahaja ambazo kwa mtazamo wa shule zilikuwa kama kikwazo, sasa zikawa ni elimu. Hata hivyo, msemaji wa lahaja alikuwa wa kuulizwa na kunukuliwa tu. Aliyepanga maswali na kutia sahihi juu ya jalada alikuwa mwingine.

Fungu la Wakfu wa Ford

Uhuru ulileta walipaji wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakfu wa Ford wa Marekani uligharimia uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo yake yalitolewa katika juzuu tano: ya Uganda mwaka 1972, ya Kenya mwaka 1974, ya Ethiopia mwaka 1976, ya Zambia mwaka 1978 na ya Tanzania mwaka 1980. Whiteley, mhariri wa juzuu ya Kenya, alifariki mwaka 1972 kabla ya kuiona imechapishwa.

Haifai kuudharau uchunguzi huo. Ulitupatia kwa mara ya kwanza picha ya nchi yenye lugha nyingi, ambamo mtu mmoja husema lugha moja nyumbani, nyingine sokoni na nyingine kazini. Swali lililoulizwa lilikuwa la zama zake: taifa changa litatumiaje lugha zake katika elimu na utawala? Hilo lilikuwa swali la wizara na la mipango ya maendeleo. Lakini juzuu zote tano ziliandikwa kwa Kiingereza, na kikundi cha wataalamu kilipokwisha kazi yake kilitawanyika. Fungu la mradi huisha pamoja na mradi; linaacha vitabu, na si lazima liache kiti cha kudumu cha mtu wa kuviendeleza.

Dar es Salaam na Nairobi

Tofauti hiyo inaonekana wazi tukizilinganisha Dar es Salaam na Nairobi. Kamati, baada ya kupitia Mombasa, iliingizwa katika Chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria. Taasisi ilikuwa na watumishi wa kudumu, ilikuwa na jarida, na mwaka 1981 ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo inaeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ni ya miaka mingi, na haimaliziki kwa fungu la miaka miwili au mitatu. Taasisi iliendelea hadi mwaka 2009, ilipounganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kujitegemea mwaka 1970, na mwaka huo huo ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Bethwell Ogot. Mwezi wa Julai 1974 Rais Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya Bunge. Tangazo hilo halikuandamana na taasisi ya uchunguzi iliyo sawa na ile ya Dar es Salaam. Wabunge walitakiwa kuzungumzia sheria na bajeti kwa lugha ambayo istilahi zake za sheria na bajeti hapana mtu aliyelipwa kuzichunguza.

Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 uliongeza haja ya walimu wa Kiswahili, somo lilipofanywa la lazima na la kutahiniwa. Idara za vyuo vikuu zikapata wanafunzi wengi, na wahadhiri wakapata mitihani mingi ya kusahihisha. Idadi ya wanafunzi ilihesabiwa kuwa ni ustawi wa somo, na kwa upande mmoja ndivyo ilivyokuwa. Lakini fedha zilizofuata wanafunzi zilikuwa fedha za kufundishia.

Sheria ya 2013

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, ikaagiza kwamba hazina hiyo ipewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijafikiwa. Hata hivyo, sheria imekwisha kukubali jambo ambalo halikupata kuandikwa hapo awali: kwamba uchunguzi wa Kenya ni deni la Kenya. Nayo Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, mwanaisimu ana haki ya kubisha hodi penye mlango ambao watu wa kilimo na tiba wamezoea kuubisha.

Hitimisho

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msomaji asidhani kuwa fedha za nyumbani peke yake ndizo dawa. Kamati ya mwaka 1930 ililipwa na serikali za hapa hapa, na bado iliwaacha wenyeji nje ya mlango. Na kuna mgeni aliyelipa uchunguzi uliotufaa. Historia hii inaonyesha kwamba idara iliyokwisha kuandika maswali yake hulitumia fungu la mtu yeyote, na idara isiyo na maswali hutumiwa na fungu.

Kwa hiyo naona inatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, kila idara iwe na orodha yake ya maswali, iliyojadiliwa na kuandikwa kabla ya tangazo lolote kubandikwa ubaoni. Lahaja za Pate, Siu na Vanga, pamoja na hati za kale zilizomo majumbani mwa watu, zitangulie. Pili, anayepokea fedha za nje aweke sharti kwamba matokeo yatolewe kwa Kiswahili pia, na nakala ibaki katika maktaba ya hapa. Tatu, tuombe katika hazina ya taifa kila mwaka, hata tukinyimwa, ili kuwe na kumbukumbu kwamba tuliomba.

Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, na Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, walituachia Historia ya Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1977 ilhali wote wawili wamekwisha fariki. Maswali yao yalikuwa yao wenyewe. Sisi tuliopewa ofisi, vyeo na mishahara hatuna udhuru wa kuendelea kungoja maswali ya watu wengine.