Protini za Muundo katika Kuenea kwa Saratani

Protini za muundo ni zile zinazoipa seli umbo na kuzishika seli pamoja hadi ziwe tishu. Katika saratani ndizo ukuta wa kwanza ambao seli mbaya hulazimika kuuvunja kabla ya kuhamia ini, mapafu au mifupa. Uhamaji huo, si uvimbe wa mwanzo, ndio unaoua wagonjwa wengi.

Kolajeni na vimeng'enya vyake

Kolajeni ni takriban theluthi moja ya protini zote mwilini. Ile ya aina ya 4, pamoja na laminini, hufuma utando wa msingi, mkeka mwembamba unaokaa chini ya seli zinazofunika viungo na kuizunguka mishipa ya damu. Mwaka 1980 Lance Liotta na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa uvimbe unaoenea zaidi ndio unaoyeyusha zaidi kolajeni hiyo. Seli hutumia vimeng'enya kadhaa, kikiwemo katepsini B, ambacho ni cha ukoo mmoja na papaini, kimeng'enya cha utomvu wa mpapai.

Papaini haihitaji kutambulishwa Beni wala Butembo, mashariki ya Kongo, ambako utomvu huo umekuwa zao la biashara kwa miongo mingi. Tunda bichi huchanjwa likiwa bado mtini, utomvu hukingwa, hukaushwa, kisha huuzwa nje kwa watengenezaji wa bia na walainishaji wa nyama. Mpishi wa pwani anayepaka papai bichi kwenye mishkaki hufanya kazi hiyo hiyo: hukata nyuzi za protini mpaka nyama ngumu ilegee. Seli ya saratani ina ubahili zaidi. Hukata nafasi ya kupita tu.

Kinyume chake, uvimbe pia hurundika kolajeni mpya. Ndiyo maana uvimbe wa titi mara nyingi huwa mgumu ukipapaswa, na nyuzi zilizonyooka kuelekea nje huwa reli za seli zinazotoroka.

Ndani ya seli

Aktini, protini ya kiunzi cha seli, husukuma seli mbele. E-kadherini huigandisha na jirani yake; ikipungua, seli huachana, na katika kiunzi vimentini huchukua nafasi ya keratini.

Tiba

Dawa za kuzuia vimeng'enya vya kolajeni, marimastati ikiwa maarufu zaidi, zilijaribiwa miaka ya 1990 zikashindwa vibaya. Vinkristini, itokanayo na mmea wa maua wa Madagaska, hushambulia tubulini, protini nyingine ya kiunzi cha seli, na bado hutumika kwa limfoma ya Burkitt na saratani ya Kaposi, zinazojulikana sana Uganda na mashariki ya Kongo. Papaini yenyewe si dawa ya saratani.